Programu za kuoptimaizi roboti ya forex: ya kubonyeza kitufe kimoja au ya kuchokonoa mwenyewe? Yaliyonikuta na saa ya laptopu

#1 ChaliiWaSakina

Wakuu habari za saa hizi. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, mwenye chai avute kiti.

Mimi ni chalii wa Sakina hapa Chuga, mchana nafanya kazi za watu, jioni nipo kwenye chati. Nacheza dhahabu tu, XAUUSD (dhahabu kwa dola), jozi nyingine nilishaachana nazo baada ya kuunguza akaunti mbili kwa mkono. Mwaka jana mwezi wa saba, ile baridi yetu ya kulala na soksi, nikajiambia basi, huu mkono wangu una kiherehere, ngoja niiachie roboti. Sasa roboti ukiipata tu haina maana, lazima ijue iingie saa ngapi, SL (ukomo wa hasara) iwe ngapi, TP (ukomo wa faida) ngapi, inapima masaa mangapi nyuma, na hizo namba ndio watu wanazitafuta kwa hizi programu za kuoptimaizi.

Ziko za aina mbili. Kuna ile unachagua dhahabu, unachagua hatari (kidogo, wastani, kubwa), unabonyeza kitufe, unaenda kula machalari, ukirudi imeshakutolea faili la roboti na grafu imepanda kama barabara ya kwenda Marangu. Halafu kuna ya kuchokonoa, unaandika kodi mwenyewe (siyo za TRA) au unaandikiwa, wewe ndio unaamua parameta ipi iguswe, ianzie wapi iishie wapi, matokeo yapangwe kwa kigezo gani. Strategy Tester, yaani testa ya kujaribu roboti kwa bei za zamani, iliyomo ndani ya MetaTrader 5 (programu ya kuchezea soko) ni ya aina hii, na ukiwa na moyo mgumu unashuka mpaka kwenye Python.

Mimi nikanunua ya kitufe. Dola 97, karibu laki mbili na nusu, jina sitaji msiniulize PM. Nikaweka data za 2018 mpaka katikati ya 2025, nikabonyeza, feni ya laptopu ikaanza kulia kama mashine ya kusaga. Baada ya dakika 40 ikaniletea roboti yake: inapima dhahabu ilipozunguka tangu saa nne asubuhi, ikifika 15:25 inaweka oda mbili za kusubiria, moja juu moja chini, ili takwimu za uchumi za Marekani zikitoka 15:30 bei iruke na oda moja iibebe. Isipobebwa ndani ya saa moja inafuta. SL dola 4, TP dola 9. Kwa maelezo nikaielewa na kuipenda, kwa sababu ni kitu nilikuwa nakiona kila siku kwa macho.

Nikaanza Agosti na dola 400, loti (ukubwa wa oda) 0.02. Mpaka mwisho wa Oktoba nipo 512. Aisee nilikuwa natembea Sanawari nimeinua mabega. Nikaanza kuulizia bei za pikipiki.

Novemba ikaingia. Wiki ya kwanza hasara, nikasema soko. Wiki ya pili hasara, nikasema soko tena. Ya tatu nikabonyeza kitufe upya ioptimaizi na data mpya, ikaniambia mipangilio ni ile ile iko vizuri endelea. Katikati ya Desemba nipo 371.

Kilichonifungua macho ni kitu kidogo mno. Umeme ulikatika nikiwa nimekaa na jamaa yangu mmoja wa Njiro anayeandika MQL5 (lugha ya roboti za MetaTrader 5), chaji imebaki kidogo, hatuna la kufanya, tukafungua historia ya akaunti. Akaweka orodha mbili pamoja, oda za kwenye testa na oda zangu za kweli. Za testa zote 15:25, hakuna hata moja iliyotoka nje. Za kwangu za Agosti mpaka Oktoba 15:25 pia. Za Novemba na Desemba zote 14:25.

Jamaa akacheka kwanza, ndio akanieleza. Saa inayoonekana kwenye MetaTrader ni ya seva ya broka. Broka wengi wanaifuata New York, kwa hiyo kipindi cha joto cha Marekani seva iko GMT+3, sawasawa kabisa na sisi, na Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani wanarudisha saa nyuma na seva inashuka GMT+2. Sisi Tanzania hatugusi saa, jua letu ni lile lile. Roboti yangu ilikuwa inasoma saa ya laptopu (kwenye MQL5 ni TimeLocal) badala ya saa ya seva (TimeCurrent). Na hapa ndipo penye sumu: ukiwa ndani ya testa, TimeLocal inafanywa iwe sawa na saa ya seva, kwa hiyo ukitest hata miaka 50 kosa halionekani. Agosti mpaka Oktoba saa zilikuwa zimegongana kwa bahati. Kuanzia Novemba roboti inaweka oda saa nzima mapema, inabebwa na vurugu za kabla ya takwimu, SL ya dola 4 inaliwa, na zile zisizobebwa zinafutwa dakika tano kabla ya takwimu zenyewe kutoka. Yaani takataka zote nilikuwa naokota, tonge lenyewe likipita mimi nimeshaondoka mezani.

Sasa kurekebisha. Programu imenipa faili la .ex5, limeshafungwa, kodi huioni. Kwenye mipangilio kuna hatari kidogo, wastani, kubwa, basi. Nimewaandikia, wakanijibu nijaribu kubonyeza upya. Mwisho nikaiweka laptopu saa za Johannesburg ili irudi nyuma saa moja, na kweli oda zikarudi 15:25, ila siku mbili baadaye dada yangu aliiazima laptopu kwa usaili wa Zoom, akaingia amechelewa saa nzima akidhani amewahi. Mpaka leo hajanisemesha vizuri.

Swali langu sasa, kwa waliopita njia hii: hizi za kitufe zina kazi gani hasa? Na mtu asiye koda aanzie wapi kwenye za kuchokonoa? Nawasilisha.

#2 KuroilerKing

Laki mbili na nusu ungenunua vifaranga sasa hivi unauza mayai Kilombero. Nimemaliza.

#3 ChaliiWaSakina

Hahaha mkuu, nilijua tu wewe utakuwa wa kwanza. Vifaranga nilishafuga, vikafa na kideri wote ndani ya wiki. Tuendelee.

#4 Mangi wa Mbuyuni

Chalii pole, ila mimi nakupinga na nitakupinga kwa heshima.

Niko Moshi, nina duka la vifaa, nafungua saa moja asubuhi nafunga saa tatu usiku, nina watoto watatu. Hiyo MQL5 nijifunze saa ngapi? Programu uliyonunua naijua, na mimi ninayo hiyo hiyo tangu Februari, ile yenye kitufe kikubwa cha kijani. Nilibonyeza mara moja, nikaikalisha kwenye VPS (kompyuta ya kukodi mtandaoni), loti 0.01, sijaigusa tena. Mpaka leo niko juu dola 60 na kitu. Siyo utajiri lakini siyo hasara, na naangalia mara moja kwa wiki.

Nyie wa kuchokonoa nawajua pia. Binamu yangu yuko Pasua ana mwaka wa pili anajenga mfumo, kila ukimuuliza ameongeza indiketa mpya, ameandika upya, sasa anahamia Python, na hajawahi kuweka oda hata moja ya kweli. Kahawa wakulima wetu hawaikaangi wenyewe, wanapeleka mnadani, kila mtu na kazi yake. Kwa nini mimi muuza misumari nijue roboti imeandikwaje ndani? Gari naendesha na injini siijui.

#5 ChaliiWaSakina

Mangi hoja yako ina uzito, binamu yako hata mimi namfahamu, yaani siyo yeye ila wapo wengi kama yeye hapa Chuga, na wiki mbili hizi naanza kufanana nao. Ila kwenye gari umenipoteza kidogo. Injini huijui sawa, lakini usukani unao na breki unayo. Mimi nilipewa gari lisilo na usukani, lina kitufe cha twende.

#6 KodaWaNjiro

Mimi ndiye niliyecheka gizani, samahani mkuu.

Nataka niseme kitu ambacho Chalii hajakigusa, kwa sababu saa ni ajali, ingeweza kumpata hata mtu wa kuchokonoa, ni mstari mmoja tu wa kodi. Tatizo la kitufe liko ndani zaidi.

Chukua roboti ya kawaida ya wastani mbili za bei zinazokatana. Wastani wa haraka unaujaribu 5 mpaka 50 kwa hatua ya 1, hapo ni namba 46. Wa polepole 20 mpaka 200 kwa hatua ya 5, namba 37. SL pointi 10 mpaka 100 kwa hatua ya 5, namba 19. TP 10 mpaka 200 kwa hatua ya 10, namba 20. Zidisha zote, mchanganyiko 646,760. Kila mmoja ukichukua sekunde 2, kompyuta yenye koa (core, kiini cha kuchakata) moja itakesha siku 15. Ndio maana hizi programu zinatumia njia ya jenetiki, ile aliyoikuza John Holland kule Michigan miaka ya 70: inajaribu michanganyiko kiasi, iliyofanya vizuri inazalishwa pamoja, dhaifu inatupwa, kizazi baada ya kizazi, ukifika majaribio elfu kumi hivi inasimama. Kwa laptopu ya koa nne ni kama saa moja na nusu. MetaTrader 5 inayo hiyo, bure, na za kitufe nyingi ndani ni mambo hayo hayo yamepakwa rangi.

Sasa fikiria. Jaza watu 1,024 pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid, kila mtu arushe sarafu mara 10. Kwa hesabu unategemea mmoja wao atapata vichwa kumi mfululizo. Utamleta mbele umpe kipaza sauti atufundishe namna ya kurusha? Kitufe ndicho kinachofanya. Kimejaribu maelfu, kimekuletea aliyepata vichwa kumi, na wale wengine 1,023 hujawaona. Grafu inapanda vizuri kwa sababu imechaguliwa ipande.

#7 Mangi wa Mbuyuni

Aisee huo mfano umeniingia. Lakini si hata wewe ukichokonoa unarusha sarafu hizo hizo?

#8 KodaWaNjiro

Narusha hizo hizo, tena naweza kurusha nyingi kuliko kitufe nikijiachia. Tofauti ni kwamba mimi naona uwanja mzima.

Nitakupa mfano wa huko kwenu. Ukitoka nje ya duka lako asubuhi mlima ukiwa wazi, kuna Mawenzi, kilele chembamba kimechongoka, hatua moja pembeni umeanguka. Upande wa pili wa Kibo kuna Shira, uwanda mpana, unatembea kilomita unabaki juu juu. Matokeo ya kuoptimaizi ndio yalivyo. Testa ya MetaTrader 5 ina grafu ya 2D, unaweka SL upande mmoja na TP upande mwingine, kila mchanganyiko ni kijisanduku, kadiri kijani inavyokolea ndivyo matokeo yalivyo mazuri. Ukiona kijisanduku kimoja kimekolea na majirani zake wote wamepauka, hiyo ni Mawenzi. Soko likisogea kidogo tu, umekwisha. Mimi natafuta eneo ambalo SL ukiweka 18, 20, 22 au 25 matokeo yanafanana, natua katikati hata kama siyo namba ya kwanza kwenye orodha. Hii nayo inadanganya siku nyingine lakini inadanganya mara chache.

Kitufe hakikuonyeshi hiyo ramani. Kinakupa kilele, na hukijui ni cha aina gani.

Cha pili ni kigezo. Ukibonyeza kitufe unauliza swali moja, mipangilio ipi ingeingiza hela nyingi zaidi zamani? Huna ruhusa ya kuuliza lingine. Kwenye MetaTrader 5 unachagua kipimo cha faida dhidi ya hasara au hatari, profit factor, recovery factor, Sharpe, au unaandika chako kwenye sehemu ya kodi iitwayo OnTester unachagua Custom max. Yangu inachukua faida, inagawa kwa anguko kubwa la akaunti, na oda zikiwa chini ya 200 inarudisha sifuri, sitaki hata kuiona. Mistari kama nane hivi. Hiyo mistari nane imenitupia mbali roboti nyingi nzuri za macho kuliko kitu kingine chochote nilichojifunza.

#9 PipsDaily_TZ

Msihangaike wakuu, nina signal za uhakika 95%, nicheki PM nikuunganishe kwenye grupu la VIP.

#10 KuroilerKing

Huyu sasa ndiye kideri.

#11 Mhasibu Mstaafu

Wanangu hamjambo. Mimi sichezi hivyo vitu, nasoma tu, nimefanya hesabu za watu hapa mjini Moshi zaidi ya miaka 30. Nina swali moja kwa huyu wa Njiro. Kwenye ukaguzi, anayeandaa vitabu siye anayevikagua. Hapa naona data ile ile ndiyo inayomfundisha roboti na ndiyo inayompa maksi. Mnatenganishaje?

#12 KodaWaNjiro

Shikamoo mzee wangu. Umeuliza swali ambalo wanaolipa dola 97 hawaulizi.

Unaficha data. Roboti inajifunzia 2018 mpaka 2022, halafu 2023 mpaka 2025 haijawahi kuiona, unaipeleka huko mara moja tu. MetaTrader 5 ina sehemu ya Forward, unachagua nusu, theluthi au robo ya kipindi ikae pembeni. Kuna iliyo bora zaidi ambayo Robert Pardo ndiye aliyeipigia debe sana, unatembeza dirisha: jifunze miaka 2, jaribu miezi 6 inayofuata, sogeza miezi 6 mbele, jifunze tena, jaribu tena, mwisho unaunganisha ile miezi sita sita tu ndiyo unaiita matokeo. Kwa MetaTrader peke yake ni kazi ya mkono, inachosha. Mimi hiyo naifanya kwa Python, nimetumia Optuna, zana yake ya kuoptimaizi, ni ya bure.

Roboti yangu ya mwisho niliipitisha madirisha 8. Matano faida, matatu hasara, na moja ya hayo matatu ilikuwa hasara ya aibu. Kwenye kuoptimaizi kwa mkupuo mmoja grafu yake ilikuwa inapanda tu kama ya Chalii.

Ila mzee kuna ujanja wa kujidanganya hata hapo. Ukiona data iliyofichwa imekataa, ukarudi ukabadilisha kidogo, ukajaribu tena, ukabadilisha, ukajaribu, basi hiyo data haijafichwa tena. Umeshaikariri wewe mwenyewe badala ya roboti. Nimefanya hivyo mara nyingi mno, na hapa ndipo Mangi ana haki na binamu yake. Wa kuchokonoa tuna vitufe elfu vya kujidanganyia, mwenzetu ana kimoja.

#13 Mhasibu Mstaafu

Marahaba. Basi ni kama mkaguzi anayekunywa chai na mhasibu kila siku. Nimeelewa, asante.

#14 ChaliiWaSakina

Mzee shikamoo, hiyo ya chai nimeiiba.

Niongeze kilichonikuta baada ya Johannesburg, maana sikumaliza. Saa zilipokaa sawa niliamini nimepona. Wiki mbili, napata nakosa, napata nakosa, hakuna kinachopanda. Koda akaniuliza swali la kijinga, dola 4 za SL ni kiasi gani cha bei? Nikamwambia dola 4 ni dola 4. Akasema hapana. Mwaka 2018 wakia ya dhahabu ilikuwa inacheza kwenye 1,200 mpaka 1,300 hivi, dola 4 hapo ni kama asilimia 0.3 ya bei, ukuta wa maana. Oktoba 2025 dhahabu imevuka 4,000, dola 4 hizo hizo ni asilimia 0.1. Dhahabu ikipiga chafya imekula SL. Roboti ilichaguliwa kwa miaka saba ambayo mingi bei ilikuwa chini ya 2,000, ikanipa namba iliyofaa huko, mimi naitumia kwenye dhahabu ya leo.

Na spredi (pengo la bei ya kununua na ya kuuza) pia. Testa ya kitufe ilikuwa inahesabu spredi moja ile ile mwanzo mwisho. Mimi kwenye akaunti ya kweli takwimu zikitoka naona spredi inafunguka mara tatu mara nne kwa sekunde kadhaa, na roboti yangu kazi yake yote iko kwenye hizo sekunde. MetaTrader 5 unaweza kuiambia itumie tiki halisi (kila badiliko la bei lilivyorekodiwa) zenye spredi yake ya wakati ule, inakula muda sana lakini ni tofauti ya usiku na mchana. Tuliiandika roboti upya, wazo lile lile la 15:25, tukaipitisha kwenye tiki halisi. Theluthi ya faida ikayeyuka kabla hatujagusa kitu.

#15 DemWaKijenge

Kaka zangu samahani naingilia. Mimi naanza, sina koding hata moja. Nimefuata uzi wote lakini sijaona jibu la swali la kwanza la mleta uzi, mtu kama mimi anunue nini?

#16 KodaWaNjiro

Dada yangu usinunue kitu. Pakua MetaTrader 5 fungua akaunti ya demo (hela za mazoezi). Ndani kuna folda ya mifano ya roboti, kuna moja inaitwa Moving Average, kodi yake iko wazi, kama kurasa tatu. Iweke kwenye testa, chagua parameta mbili tu, nasema mbili, usiongeze. Weka forward theluthi moja. Halafu kaa uangalie namna mipangilio iliyokuwa ya kwanza kwenye sehemu ya kujifunza inavyoshika mkia kwenye forward. Fanya hivyo jioni tatu nne. Utakuwa umejifunza zaidi ya mwenye kitufe aliyekaa nacho mwaka.

Ukitaka SL isizeeke kama ya Chalii, badala ya dola weka mara ngapi ya ATR. ATR ni kipimo cha wastani wa mruko wa bei, cha Welles Wilder wa 1978, huyo huyo wa kipimo kingine, RSI. Dhahabu ikirukaruka sana SL inapanuka, ikitulia inabana. Ukikwama kwenye kodi niandikie hapa hapa kwenye uzi, siyo PM, ili na wengine waone.

#17 DemWaKijenge

Asante kaka. Kesho naanza, bando likiruhusu.

#18 ChaliiWaSakina

Na mimi niseme nilipofikia mpaka sasa, msije mkadhani kitufe nimekitupa. Nakitumia kama chekecheke. Nikiwa na wazo naliweka, nabonyeza, ndani ya dakika 40 najua kama lina chochote au halina kabisa. Likiwa halina naliacha, sijapoteza wiki. Likiwa nacho, faili la .ex5 silitumii kamwe, nachukua wazo tu naliandika upya na Koda, saa ya seva, ATR, tiki halisi, data ya mwaka wa mwisho imefungiwa. Kitu kisichokubali kufunguliwa sikiwekei hela yangu tena.

Mangi, wewe ambaye ni hiyo hiyo ya kijani, nakuomba kitu kimoja tu. Fungua historia uangalie oda zako zinaingia saa ngapi. Na VPS yako iko wapi?

#19 Mangi wa Mbuyuni

VPS iko London. Ngoja nifunge duka kwanza.

#20 Mangi wa Mbuyuni

Yesu na Maria.

Nimefungua. Hakuna hata oda moja ya 15:25. Zote 17:25. Tangu Februari. Isipokuwa kuna wiki tatu za Machi, na wiki moja mwisho wa Oktoba kuingia Novemba, zinasoma 18:25.

#21 KodaWaNjiro

Ndio yenyewe. London na seva wamepishana saa mbili karibu mwaka mzima, 15:25 ya London ni 17:25 ya seva. Hizo wiki za 18:25 ni pale Marekani na Uingereza wanapobadilisha saa kwa tarehe tofauti, Marekani wanawahi Machi, Novemba Waingereza wanakuwa wameshatangulia.

#22 Mangi wa Mbuyuni

Kwa hiyo ina maana roboti yangu haijawahi kukutana na hizo takwimu za 15:30 hata siku moja?

#23 ChaliiWaSakina

Haijawahi mangi. Zinatoka, soko linaruka, linatulia, watu wanaenda kunywa chai, ndio roboti yako inafika.

#24 Mangi wa Mbuyuni

Na niko juu dola 60.

#25 ChaliiWaSakina

Na uko juu dola 60, kwa mfumo ambao hakuna mtu yeyote duniani amewahi kuutest. Hata aliyeutengeneza.

#26 KuroilerKing

Mangi ndiye yule wa sarafu pale Sheikh Amri Abeid 😂😂 mpeni kipaza sauti.

#27 DemWaKijenge

Sasa kaka anarekebisha saa au anaacha?

#28 KodaWaNjiro

Kusema kweli sijui nimwambie nini. Akirekebisha inakuwa ile ya Chalii yenye SL ya dola 4. Akiacha hajui anachofanya. Mangi nitumie historia yako yote hapa, nitaiandika upya kwa 17:25 niipitishe kwenye madirisha 8 tuone kama kuna kitu kweli au ni bahati. Nipe mpaka Jumapili.

#29 Mangi wa Mbuyuni

Naituma sasa hivi. Roboti siigusi, iko pale pale. Ila nilikuwa naangalia mara moja kwa wiki, leo tangu saa tatu nimeshafungua simu mara kumi na moja, na mama watoto ameanza kuuliza ni nani huyo.